Inchi Mbili Upande wa Ofisi

Bati jipya likipigwa na jua la saa nne hutoa harufu kama ya sarafu iliyokaa mkononi muda mrefu. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Kitale aliezeka jiko lake, na harufu hiyo ikanifikia nikiwa naanua nguo. Harufu ningeivumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni sauti ya fundi wake, kijana mchangamfu, akimwambia mwenzake, "Hapo iba kidogo, bana, hii ukuta imekaa vibaya." Niliacha nguo kwenye kamba nikaingia ndani na kufunga mlango. Nina mvi sasa, na bado neno hilo linanipandisha hasira.

Wale mliojenga mnalijua. Ukuta usipokaa mraba, upande mmoja ukawa mrefu kuliko mwingine, fundi wa paa hawezi kupanga mabati moja kwa moja, kwa sababu akifika mwisho mstari utakuwa umekwenda kombo. Anachofanya ni kusogeza kila bati kidogo sana, hapa robo inchi, pale robo, mpaka kosa la mwashi limezwe na jicho lisione kitu. Huko ndiko kuiba. Haibiwi mtu. Ni kazi inayotaka mikono mitulivu, na baba yangu alikuwa nayo.

Tulikaa Bokoli, kwenye shamba dogo la mahindi, lakini baba, Situma, hakujulikana kwa mahindi. Alijulikana kwa paa. Mtu akijenga kutoka Webuye mpaka karibu na Bungoma mjini alikuwa akimtafuta. Alinifundisha majina ya paa kama watoto wengine wanavyofundishwa majina ya wajomba zao. Kenchi ni zile mbao zilizoungwa pembe tatu zinazobeba uzito wote. Kofia ni bati lililokunjwa linalofunika juu kabisa, pale pande mbili za paa zinapokutana. Feshabodi ni ubao unaozunguka ukingo. Mgongo ni kila tuta la bati, na bati moja hulazwa juu ya jirani yake kwa kuhesabu migongo. Mimi niliyachukua maneno hayo vile yalivyosemwa. Niliamini nyumba isiyovaa kofia hupata mafua, na kwa muda mrefu nilidhani Feshabodi ni jina la mtu aliyeugundua ule ubao.

Nilikuwa na miaka tisa shule yetu ya msingi ilipojenga madarasa mawili na ofisi ya mwalimu mkuu kwa mchango wa wazazi. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa Bwana Khaoya, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni. Vifaa alinunua yeye, karatasi aliandika yeye, na yeye ndiye aliyemwita baba aje kuezeka.

Siku moja saa ya chakula nilimpelekea baba viazi vitamu na chai kwenye chupa, nikawakuta wamesimama chini ya kenchi wakibishana. Baba hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Mabati haitoshi, mwenyekiti," alisema.

"Si ulaze moja juu ya ingine mgongo moja tu? Itafika."

"Mgongo moja haishiki. Huku upepo inatoka mlimani. Inataka migongo miwili, na misumari ya kutosha."

Bwana Khaoya alimgusa begani, akatabasamu. "Fundi, wewe piga nyundo. Hesabu niachie mimi."

Baba alipiga nyundo. Hilo nalo limenikasirisha miaka mingi, kwamba alipiga. Lakini alikuwa na watoto wanne na kazi ilikuwa mkononi, na mwenyekiti ndiye aliyesema. Mwezi huohuo Bwana Khaoya aliezeka ghala jipya nyuma ya duka lake. Kila mtu alipita akaliona lile ghala linang'aa.

Jumapili iliyofuata, tukiwa tunakula, baba alimwambia mama, "Ile ukuta ya ofisi imenisumbua. Mwashi alikosea kabisa. Nimeiba inchi mbili upande wa ofisi, na mtu akipita pale chini hawezi jua."

Mama akacheka. "Wewe na wizi yako."

Naye baba akacheka.

Mimi niliacha kutafuna. Asubuhi ileile kanisani tulikuwa tumerudia amri ile ya kutoiba, watoto wote kwa sauti moja, na mwalimu wa Sunday school alikuwa ametuambia kuwa Mungu huona hata kitu kidogo. Baba yangu alikuwa ameiba, na mama alikuwa anacheka. Sikujua inchi ni kitu gani hasa. Nilikuwa nimeiona futi yake ya chuma ikijirudisha ndani ya kasha lake kwa kasi, na nikaamini inchi hukaa mle ndani, vitu vidogo vinavyometameta. Kesho yake, baba alipokwenda shambani bila kisanduku cha vifaa, nilikifungua nikatafuta. Nilitafuta chini ya kitanda chao. Nilitafuta hata kwenye debe la unga. Nia yangu ilikuwa nizipate zile inchi mbili nizirudishe shuleni kimyakimya kabla Mungu hajakasirika.

Mungu, kwa akili yangu ya wakati ule, alikasirika mvua za masika zilipoanza. Ilikuwa alasiri, tuko darasani. Upepo uliingia chini ya mabati kule upande wa ofisi, tukasikia misumari ikichomoka mmoja baada ya mwingine, kisha anga likafunguka juu yetu. Mabati saba yaliruka. Moja lilianguka uwanjani likamkata mtoto wa darasa la pili mguuni, na damu ikachanganyika na maji ya mvua mpaka ikaonekana nyingi kuliko ilivyokuwa. Mtoto alipona. Lakini wazazi walikuja kesho yake na hasira zao, na afisa wa elimu akatumwa kutoka Bungoma kuja kuangalia.

Afisa alihesabu mabati yaliyoko juu na yaliyoanguka, akalinganisha na karatasi za Bwana Khaoya. Kwenye karatasi yalikuwa mengi zaidi. Akauliza mengine yako wapi.

Siku mbili baadaye niliitwa kutoka darasani. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa imefunikwa turubai na mwanga ndani ulikuwa wa kijani. Mwalimu mkuu alikuwa nyuma ya meza. Bwana Khaoya alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, na mbele yake kulikuwa na soda ya machungwa iliyofunguliwa. Alinisukumia ile soda.

"Kunywa, Nasambu. Usiogope. Wewe ni mtoto wa kanisa, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sasa niambie ukweli tu. Baba yako akiwa nyumbani, alisema nini juu ya hii paa?"

Nataka mwenye kusoma hapa aelewe jinsi nilivyojisikia. Nilifurahi. Nilikuwa nimelibeba jambo lile majuma matatu bila kumwambia mtu, na sasa mtu mzima, mwenye koti, alikuwa ananiomba nilitue.

"Alisema aliiba," nikajibu.

"Aliiba nini?"

"Inchi mbili. Upande wa ofisi."

Bwana Khaoya alirekebisha koti lake. Kisha akageuka. "Umesikia, mwalimu? Mtoto wake mwenyewe anasema aliiba."

Mwalimu mkuu aliangalia meza. Bwana Khaoya akachukua kalamu akaandika, na mimi nilikuwa nimeshajua kusoma, tena kusoma vizuri. Aliandika kuwa mtoto wa fundi amekiri kwamba baba yake aliiba kwenye jengo la shule. Inchi hakuziandika. Niliona nikadhani amesahau. Nikamwambia, "Ni inchi mbili," nikitaka asikosee, na yeye akasema, "Asante, mama. Maliza soda yako urudi darasani."

Nikaimaliza.

Askari wawili walimchukua baba kesho yake akiwa anapalilia. Alilala mahabusu siku kumi na moja. Hawakumpeleka kortini, maana hakukuwa na kitu cha kupeleka, wala bati moja halikupatikana kwetu. Walimwachilia tu, na hakuna aliyetoka kusema kwamba fundi hana makosa. Alirudi amekonda, ana kidonda kwenye nyonga kwa kulala sakafuni. Shule ilimpata fundi mwingine. Watu waliokuwa wameshamwita kwa kazi wakamtumia habari kwamba wangengoja kidogo. Wakangoja moja kwa moja.

Alipokuwa bado ndani, mama aliniuliza, "Mwenyekiti alikuita ofisi. Ulimwambia nini?"

Nikamwambia neno kwa neno. Mama aliketi chini, pale pale mlangoni, miguu imenyooka kama mtoto. Hakunipiga wala hakunieleza. Aliniambia niende kuteka maji, na tangu siku hiyo jambo lile halikutajwa tena mbele yangu.

Mwaka uliofuata tulihama. Mtu mmoja mwenye shamba kubwa la mahindi huko mji wa Kwanza, upande wa Kitale, alikuwa anataka maghala yaezekwe na hakujali habari za Bokoli. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili karibu na soko. Hapo nilikua, na hapo nilimchukia baba yangu. Nasema hivi bila kuzunguka. Niliamini ni mwizi aliyekwepa. Alipokuwa anaombea chakula sikufumba macho. Alipoleta kalamu au kitabu kipya niliuliza moyoni ametoa wapi. Mara moja, nikiwa na miaka kumi na miwili, alinikemea kwa kuchelewa nyumbani, nami nikamjibu, "Afadhali kuchelewa kuliko kuiba." Alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka mezani polepole, akatoka nje, akakaa nyuma ya nyumba mpaka mama alipomfuata.

Yeye na mama walikuwa wamekubaliana nisijue. Waliona heri mtoto amwite baba yake mwizi kuliko mtoto huyo ajue kwamba ulimi wake ndio uliomfunga. Miaka sita aliishi hivyo katika nyumba yake mwenyewe.

Nilijua kwa bahati tu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, likizo ya Agosti, na mama aliniagiza nipeleke mahindi na maharagwe kwa mafundi waliokuwa wakiezeka ghala. Baba alikuwa juu pamoja na msaidizi wake, Kibet, mtu mzima aliyefanya naye kazi tangu tufike Kwanza. Mwenye ghala alikuwa amesimama chini, mikono mfukoni, anaangalia juu.

"Fundi," Kibet akaita, "hapa tunaiba ngapi?"

"Iba nusu nusu," baba akajibu. "Ukiiba mingi mara moja itaonekana."

Nilimwangalia mwenye ghala. Alikuwa anatabasamu. Nikashindwa kujizuia. "Wanakuibia na wewe unacheka?"

Alinigeukia, akacheka zaidi, cheko la mtu mwema. "Aii, msichana wa fundi hajui kazi ya baba yake? Ukuta yangu iko na makosa. Anaficha hiyo makosa ndani ya mabati, kidogo kidogo. Sasa hiyo ndiyo wanaita kuiba. Baba yako ndiye anaiba vizuri kushinda wote huku." Akanionyesha kwa kidole, kutoka pembe hii mpaka ile, ambapo uzi ulikuwa umevutwa, jinsi kila bati lilivyojongea kwa upana wa ukucha.

Niliweka bakuli chini. Nilikuwa tena katika ofisi ile ya turubai. Inchi mbili. Upande wa ofisi.

Baba alishuka kula. Nilingoja Kibet aende kunawa.

"Baba, ile siku nilimwambia mwenyekiti uliiba."

Hakushtuka. Alikuwa ameyangoja maneno hayo, nadhani, miaka yote. "Ulikuwa mtoto," akasema. "Ulisema kitu ulisikia."

"Kwa nini hukuniambia maana yake?"

"Ningekuambia nini? Ati mimi nililala ndani juu ya mdomo yako? Uende na hiyo mpaka uwe mzee?"

"Na Khaoya? Yeye anauza mabati. Alikuwa hajui hilo neno?"

Baba alitafuna, akameza, akaangalia pembeni. "Khaoya alishika nyundo yangu miaka mbili, kabla afungue duka. Tulikuwa tunaezeka pamoja Tongaren. Mimi ndio nilimfunza kuvuta uzi. Mimi ndio nilimfunza kuiba."

Nimeambiwa mara nyingi kwamba hasira hupungua na umri. Ile ya siku hiyo haijapungua. Mtu yule alisikia mtoto anasema inchi mbili, akaelewa sawasawa kilichosemwa kwa sababu alifundishwa na huyohuyo anayemuuza, akachagua neno moja akaliandika na maneno mengine akayaacha kwenye soda.

"Na watu wa Bokoli?" niliuliza. "Kamati nzima?"

"Hao hawana makosa," baba akasema. "Hao ni wakulima. Hawajui maneno ya kazi. Walisikia aliiba, wakaamini." Aliyasema kwa utulivu kabisa. Nikaona kwamba huko ndiko alikokuwa ameegemea miaka yote, kwamba majirani zake walidanganywa kama mimi.

Desemba nilikwenda Bokoli kumtembelea kukhu, bibi yangu mzaa baba. Siku ya pili nilioga, nikavaa gauni la kanisa, nikaenda sokoni mpaka dukani kwa Bwana Khaoya. Kulikuwa na wateja watano hivi. Alikuwa amenenepa, na hakunitambua.

"Karibu, msichana. Nikupatie nini?"

"Tunaezeka nyumba," nikasema. "Fundi amesema ataiba inchi mbili. Mama anaogopa, akanituma niulize watu wanaojua."

Akacheka, akawageukia wateja ili wacheke naye. "Mwambie mama asiogope. Hiyo si wizi. Ukuta ikiwa kombo, fundi anapunguza kidogo kwa kila bati mpaka inyooke. Inchi mbili ni kitu kidogo. Hiyo ni fundi mzuri, mwambie amshike."

"Nitamwambia," nikasema. "Mimi ni Nasambu. Baba yangu ni Situma."

Tabasamu lilibaki usoni pake muda mfupi bila mwenyewe. Mtu aliyekuwa akinunua misumari aliacha kuchagua. Bwana Khaoya akafungua daftari lake, akalifunga. "Hayo ni mambo ya zamani," akasema. "Mtoto asiingilie mambo ya wazee."

"Wewe ndiye uliniingiza," nikamwambia, nikatoka, maana nilikuwa naanza kulia na sikutaka alione hilo.

Sikuwa nimefika mbali nilipoitwa. Alikuwa Mzee Wasike, aliyekuwa dukani, mjumbe wa kamati ya shule tangu nikiwa mdogo na mtu wa kiti cha mbele kanisani. Alikuwa anahema kwa kunifuata.

"Mama, usilie. Umefanya vizuri. Sisi yote tulijua."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mlijua nini, mzee?"

"Ile neno. Nani hajui? Mimi nimejenga nyumba mbili. Mwashi mwenyewe alikuwa kwa kamati. Siku Khaoya alisoma hiyo karatasi, tuliangaliana tu."

"Kwa nini hamkusema?"

Aliniangalia kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. "Hatukuulizwa," akasema.

Niliporudi Kwanza nilimsimulia baba habari za duka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Alieleza namna gani, kuiba?" Nikamweleza. Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Ameeleza sawa." Nilitaka kupiga meza. Habari za Mzee Wasike sikumwambia. Nilifungua mdomo mara kadhaa katika miaka iliyofuata, nikaufunga. Mdomo wangu ulikuwa umeshamgharimu vya kutosha, na watu wale walikuwa ndio kitu pekee alichobaki nacho kutoka nyumbani.

Alifariki kabla sijatimiza miaka ishirini na mitano, kwa kifua, na alikuwa ameacha neno kwamba azikwe Bokoli kwa baba yake. Tukampeleka. Walikuja wengi. Mmoja wa kamati ile ya zamani alisimama akasema marehemu alikuwa fundi mwaminifu, mtu wa mikono safi, na watu wakaitikia. Bwana Khaoya hakuja. Alituma shada.

Ulipofika wakati wa kwenda kaburini, wazee wanne wa kamati walijitokeza kubeba jeneza, Mzee Wasike akiwa mbele upande wa kulia. Walikuwa wameshaliinua kutoka kwenye meza.

"Wekeni chini," nikasema.

Shangazi alinishika mkono. Niliutoa. Nikarudia kwa sauti ileile, bila kupaza. "Wekeni baba chini. Mlijua na hamkusema. Watabeba watu wa Kwanza."

Mzee Wasike ndiye aliyeachia kwanza, na kwa kuwa aliachia yeye, wengine nao wakalazimika kulishusha. Kibet alitoka nyuma ya umati akiwa na mafundi watatu waliokuwa wamesafiri nasi kwenye lori. Hawakuuliza kitu. Wakainama, wakapima uzito kwa macho kama walivyozoea kupima kenchi, wakainua pamoja.

Shangazi husema mpaka leo kwamba siku ile nilikosa adabu mbele ya wazee. Nilikosa, na sijaomba msamaha.